Meza Iliyotoka Nje

Wanamwita Maranda, na jina limemkaa. Hata akioga akajikwatua akaenda harusini, atakayeketi nyuma yake ataona kipande chembamba cha mbao kilichojikunja, kile kinachotoka fundi akipiga randa, kimejificha nyweleni mwake. Ni mwanamke wa hasira za karibu. Akikasirika hafichi wala hataki kubembelezwa, na kwa haya nitakayosimulia, atakayemlaumu ajilaumu mwenyewe.

Ufundi aliurithi kwa baba yake. Mzee alipofariki, wakubwa wa ukoo walikaa wakagawa. Mdogo wake wa kiume akapewa duka la mbele, lenye kioo na feni, eti kwa sababu mwanamume ndiye anayejua kusema na watu. Maranda akaachiwa banda la uani, msumeno, patasi na vumbi. Mtaa mzima ukaanza kumwita yule mdogo Meneja. Wote wawili wakawa wanakula kwa ulimi: dada kwa ulimi wa mbao, ule unaochongwa kwenye mguu wa meza ili uingie tunduni, na Meneja kwa ulimi wa kinywani. Ila wa mbao hausemi uongo. Ukiukata vibaya meza inacheza, na kila mtu anaona.

Safari hii Maranda alikuwa ametengeneza meza ya kulia chakula, ya watu wanane, pamoja na viti vyake. Aliichora kwa chaki sakafuni, akafuta, akachora tena mpaka magoti yakamuuma. Pembe aliziviringa, maana ana kovu juu ya jicho alilolipata utotoni kwenye pembe ya meza ya kwao. Miguu aliisogeza ndani ili anayekaa konani asibanwe magoti. Aliipenda meza ile, akaomba jambo moja tu: mnunuzi aambiwe nani kaitengeneza.

"Usijali, dada," Meneja alisema.

Asubuhi moja Maranda aliingia dukani na kiti cha mwisho mikononi, akakuta mteja, mama mmoja nadhifu, anaizunguka meza.

"Hii imetoka nje, mama," Meneja alikuwa akisema. "Nje kabisa. Wenzetu mashine zao hazikosei. Pitisha mkono hapo uone."

Yule mama akapitisha mkono kwenye pembe. "Kweli bwana. Mafundi wetu hawaiwezi hii."

Damu ilimpanda Maranda kichwani. Akatua kiti, akamvuta mdogo wake pembeni.

"Umesema imetoka wapi?"

Meneja akacheka chinichini. "Dada nawe, mbona unakuza mambo? Nimesema nje. Kwani wewe kazi si unafanyia nje, pale uani? Nimedanganya nini?"

Angeomba radhi, pengine yangeisha. Lakini alicheka. Kikulacho ki nguoni mwako: miaka yote hiyo Maranda alidhani wateja ndio wanaomdharau, kumbe kila meza ilikuwa ikitoka dukani bila jina lake, na aliyemfuta ni mtoto aliyembeba mgongoni.

Alitoka, akarudi na nyundo ya mti. Akailaza meza ubavu. Haikuwa na msumari hata mmoja, wala gundi. Ili iweze kufunguliwa ipite kwenye milango myembamba, kila ulimi ulishikwa na kigingi cha mti tu. Akaanza kuvigonga vigingi vitoke, ko, ko, ko.

Mteja akaruka nyuma. "Jamani! Huyu ni nani?"

"Mimi ndiye nje," Maranda alijibu bila kumtazama.

"Dada, unaniharibia biashara!"

Mguu wa mwisho ukaanguka sakafuni. Maranda akakunja mikono kifuani. "Mwite huyo wa nje aje aiunge."

Meneja akaokota mguu mmoja, akausukuma tunduni. Ukagoma. Akaugeuza, akaupiga kwa kiganja, ukagoma tena, kwa kuwa kila ulimi una tundu lake na yeye hakuwahi kuuliza lipi ni la upi. Jasho likamtoka chini ya feni.

"Kwani hapa hamna fundi?" mteja aliuliza.

Meneja akautazama mguu ule, kisha akamtazama dada yake. "Fundi ni huyu," akanong'ona.

"Sema kwa sauti," Maranda alisema. "Mbona uongo hukuunong'ona?"