Glavu Zilizopimwa kwa Mwiko wa Bundu

Kwetu Bwera hakuna aliyenunua kitu cha kumtosha mtu mmoja. Koti lilinunuliwa kubwa ili baba alivae kanisani na mjomba alivae mazikoni. Viatu vya shule vilinunuliwa vikubwa, vikajazwa vitambaa mbele, na mtoto akaambiwa atavifikia. Kwa hiyo kaka yangu alipoleta kutoka Kasese glavu za kuendeshea gari, jozi moja ya ngozi nyeusi kwa ajili yetu sote wawili, nilijua hata kabla sijazivaa kwamba vidole vyangu vitaogelea humo ndani.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sitini. Baba alikuwa amefariki akatuachia pikapu, na mimi ndiye niliyeiendesha, kwa sababu kaka alikuwa kazini mgodini na mimi ndiye niliyefundishwa na baba. Nilibeba chumvi kutoka Katwe, nikaishusha Kinyamaseke na Bwera, nikarudi na matoke au mihogo. Niliipenda kazi ile kuliko kitu chochote duniani, na sioni haya kusema hivyo. Kisha kaka akaanza kusikiliza maneno ya watu. Walimwambia gari lenye mwanamke kwenye usukani ni gari lisilo na mwenyewe. Akaja siku moja akanieleza kwamba amepata dereva, mwanamume mwenye leseni nzuri na shati safi, na kwamba mimi nitapumzika.

Mimi sikuwa nimechoka. Tuligombana mpaka mama akatoka jikoni na mchi mkononi, akatuuliza nani anataka kutwangwa kwanza.

Sasa, huko Kasese kulikuwa na watu wa chama cha magari, wengi wao mafundi na makarani, ambao Jumapili fulani walipanga mapipa matupu kwenye uwanja wa changarawe nyuma ya ghala la pamba na kushindana kuyazunguka. Safari hii walikuwa wametangaza siku ya wanaoanza. Kila mtu aje na gari lake, apite peke yake katikati ya mapipa, ageuze mwisho wa uwanja na kurudi mbio. Kofia ngumu waliazimisha wao. Glavu mtu alikuja nazo, na asiye na glavu hakuendesha. Nilimwambia kaka twende wote wawili na gari letu, na atakayepita vizuri zaidi ndiye aamue nani ashike usukani wa chumvi. Kaka alikuwa amejifunza Kiswahili mgodini, na alipotaka kuonekana mkubwa alikitumia hata nyumbani. Akacheka, akanijibu, "Sawa. Lakini wewe kama unagusa pipa moja tu, funguo iko yangu, na maneno inaisha."

Ndiyo maana glavu hazikuwa pambo kwangu. Usukani wa pikapu ile ulikuwa mwembamba, mgumu, na kwa joto la Kasese ulilowa jasho ukateleza kama samaki. Viganja vyangu navyo vilikuwa vimepasuka kwa chumvi. Nilizivaa zile za kaka nikakaa garini palepale uani, nikakata kona ya kujifanya. Ngozi ilijikunja kiganjani ikafanya tuta, na usukani ukapita juu ya tuta. Kaka akasema nizijaze vitambaa kwenye ncha za vidole, kama viatu vya shule. Nikamrudishia. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na mimi nilikuwa naenda kuonekana na Kasese nzima.

Nilijaribu nilizokuwa nazo. Glavu nyeupe za nailoni nilizovaa nikimsindikiza bibi arusi zilinipendeza sana, lakini usukani ulizikimbia. Jirani akaniazima za mgodini, ngozi nene kama ubao. Hizo zilishika kweli, ila sikuhisi kama nimeshika usukani au mkono wa mlango. Gari huzungumza na dereva kupitia viganja, na mimi ndani ya glavu zile nilikuwa kiziwi.

Siku ya soko nikashuka Mpondwe, mpakani, kwa mama mmoja Mkongomani aliyetoka upande wa Butembo. Aliuza nguo za mitumba, na kwenye sanduku la chini alikuwa na glavu za kila aina. Alizimwaga mbele yangu. Za sufu, za wapanda mlima, nilizitoa mara moja kwa sababu sufu hunyonya jasho kisha huteleza. Zikabaki jozi tatu za ngozi nyembamba. Zote zilikuwa nzuri machoni. Moja ilikuwa na vifungo vya shaba, na nakiri moyo wangu ulikwenda kwa vifungo.

Pembeni, mdogo wake yule mama alikuwa akisonga bundu la wachuuzi, ule ugali wetu wa muhogo, na lilikuwa limefika pale linapovuta mwiko na kuupinda mkono. Nikalitazama, nikaona usukani wa pikapu kwenye changarawe. Nikaomba mwiko. Mdogo mtu alinitazama kama niliyerukwa na akili, akataka kujua ni nani atakula bundu lililosongwa na ngozi. Nikamhakikishia kwamba nitashika mpini tu, na sahani ya kwanza nitaila mimi.

Nikavaa zenye vifungo nikasonga. Mwiko ulizunguka ndani ya kiganja changu kama uliopakwa mafuta. Nikavaa za pili. Zilishika, lakini mshono wa kidole gumba ulinichoma mzunguko hadi mzunguko. Za tatu zilikuwa za kahawia, zimechakaa kidogo, zimenibana mpaka nikadhani ni za mtoto, zina matundu juu ya vifundo. Nikasonga. Ngozi ikapata joto la mkono, ikalegea kwangu, na nikahisi kila donge ndani ya sufuria. Nikasonga mpaka bundu likaiva.

Yule mama alikuwa ameacha wateja wake wote akinitazama. "Wanaume wanaangaliaka vifungo tu," aliniambia. "Weye uliangalia kazi. Beba hizo, mama. Mikono yako isharudi nyumbani."

Jumapili ile kaka alimleta yule dereva mpya uwanjani ashuhudie. Alisimama karibu na waamuzi, shati limepigwa pasi. Kaka alitangulia. Alianza vizuri, naye si dereva mbaya, sitamsingizia. Alipofika mwisho na kuuzungusha usukani wote, glavu zake zikajikunja, usukani ukamponyoka ukajirudisha wenyewe, na pipa likaenda. Likaangusha na pipa la pembeni yake. Akarudi akisema jua lilimpiga usoni.

Nikaingia mimi. Niliogopa, lakini mikono ilitulia kwenye usukani. Nilihisi changarawe, nilihisi magurudumu ya mbele yanapotaka kukimbia, na kabla hayajakimbia nilikuwa nimeshayarudisha. Pipa la kwanza, la pili, kama ninavyokwepa mashimo ya njia ya Katwe. Mwisho wa uwanja nikakata, gari likasota nyuma, nikalishika. Nikarudi mbio mguu umezama kwenye pedali ya mafuta, nacheka peke yangu ndani ya kofia. Wanawake waliokuwa wakiuza karanga kando ya uwanja walipiga vigelegele kabla mwamuzi hajafungua mdomo. Alipoufungua, alisema hakuna pipa lililoguswa, na kwamba kati ya wanaoanza wote hakuna aliyepita kwa kasi ile. Nilifurahi mpaka nikalia, nikawaacha waone.

Kaka alivua glavu zake, akazitia mfukoni. Halafu akaja kwenye pikapu, akazunguka mbele yake, akafungua mlango wa abiria, akaketi. Yule mwanamume wa shati safi akasogea, akauliza kwa upole kama aje kuanza kazi Jumatatu.

"Kiti iko na mwenyewe," kaka alimjibu. "Panda nyuma, dereva atakushusha Kinyamaseke."

Nikawasha gari, na njia nzima hakuna aliyenifundisha kubadilisha gia.