Feza Iliyonyoshwa Ndani ya Kioo

Haya hamtayasadiki, na hakuna atakayewalaumu. Hata Kamina kwenyewe, mtaani kwa Nahum Kapenda, wako watu walioyaona kwa macho yao na mpaka leo wanayakataa. Lakini kaeni vizuri, maana katika mji huu mzima hakuna mwingine ila mimi, mjomba wake, awezaye kuwaandikia mambo ya ayoni bila kuwalaza usingizi. Nahum mwenyewe hawezi. Alijaribu miaka mingi, darasa likikoroma.

Alikuwa mwalimu wa fizikia, mtoto wa Wamethodisti, shati limefungwa vifungo mpaka kooni hata jua likiwaka. Alisomea Bulaya, kwa Wazungu. Wenzake walirudi na friji na makoti. Yeye alirudi na kipande cha kioo cha manjano, kadiri ya ukucha wa dole gumba. Mama yake alilia siku hiyo, na si kwa furaha.

Ndani ya kioo hicho mlikuwa na chembe za feza, ile fedha ya kufulia pete, ndogo hata hadubini ya shule haikuziona. Mwanzoni zilikuwa duara kama mbegu za ulezi. Kule Bulaya wakazipiga kwa ayoni, yaani atomi zilizonyang'anywa sehemu ya umeme wake, zikasukumwa na mashine mpaka zikaenda kasi ya kutisha. Kila ayoni ikipita, kioo na feza huyeyuka njiani mwake kwa kitambo kisichofika hata kufumba jicho, kisha huganda. Moja haifanyi kitu. Zikipita nyingi mno kwa upande ule ule, kioo huibana feza kidogo kidogo, kama mkono unavyobana tonge la bukari, ugali wetu, mpaka mbegu ya ulezi inakuwa punje ya mchele, imelala kufuata njia ya zile ayoni. Na nje kioo hakina hata ufa. Ukikitazama kwa miwani fulani ya jua huku ukikizungusha, rangi inageuka: manjano, kisha nyekundu, kisha manjano tena.

Kila mwaka shule ikifunguliwa, Nahum alikiinua mbele ya darasa na kusema, "Humu ndani muna vipande vya feza vingi kuliko watu wote wa Congo." Ni kweli tupu. Ila wanafunzi walibeba wingi, udogo wakauacha mlangoni.

Basi vita ikaja. Mwaka wa tisini na tisa kioo kilikuwa Kabongo, kwa mwalimu mwenzake aliyekiazima. Watu walipoanza kukimbia, Nahum alimwomba mdogo wake, Jessé, aliyekuwa akiuza chumvi huko kwa baiskeli, amrudishie. Wengine hukimbiza watoto na sufuria. Nahum alikimbiza kioo. Njiani kulikuwa na kizuizi cha wenye bunduki. Wa upande gani, siku hizo mtu hakuuliza. Wakapekua gunia. Mmoja wao, Likoke, aliwahi kukaa dawati la nyuma kwa Nahum.

"Komanda," akasema, "hii njo kioo ya feza ya Mwalimu."

Wakamfungia Jessé kwenye ghala la zamani la mahindi. Nahum akapelekewa neno: aje aitoe feza, ama mdogo wake hatoki.

Akaenda, vifungo mpaka kooni. Komanda alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, kioo kiganjani.

"Mwalimu, feza iko wapi?"

"Iko mule, komanda. Lakini haitoshe hata kufunika jino ya panya."

"Likoke anasema iko mingi kupita bantu ya Congo."

"Kwa kuhesabu, njo vile. Kwa kupima, hapana."

"Weye unanicheka?"

Nahum akafanya kile walimu wote hufanya wakibanwa: akatoa mfano. Akamwomba komanda avae miwani yake mwenyewe ya jua, iliyokuwa ya namna ile, akakizungusha kioo polepole mbele yake, akieleza punje zilivyonyoshwa.  Komanda akakichukua, akakizungusha mwenyewe.

"Inageuka," akasema taratibu. "Kitu ya kugeuka vile, haiwezi kuwa ya bure."

 Hapo Nahum alikuwa ametoka kumpandisha mdogo wake bei.

Nyuma ya mbao za ghala mtu akakohoa. "Yaya," sauti ya Jessé ikamwita kaka yake, "ubape tu ile feza. Ubape, turudi."

Wakamleta mfua chuma mmoja, Mwanza, na mvukuto wake na makala. Nahum alijua moto utafanya nini. Kioo kile hakiyeyuki kwa makala, lakini feza ndani ikipata joto hulegea na kurudi duara, na kazi yote ya Bulaya inafutika. Lakini wakiona hakuna kinachodondoka, si watasadiki? Akasema, "Chomeni."

Mwanza alivuta mvukuto mpaka kioo kikawaka kama kaa. Hakikudondoka kitu. Kilipopoa alikifuta kwa nguo yake. "Baba, hii haina kitu ya kutoka," akasema, akarudi nyuma.

Komanda akavaa miwani, akazungusha. Manjano. Akazungusha tena. Manjano.

"Imetoka," akasema. "Weye na fundi mumeificha."

"Iko mule mule, komanda. Moto imeirudisha duara tu, sawa ilivyokuwa mbele ya kupigwa."

"Nani ameona kitu yenye kupigwa ikarudi sawa?"

 Darasani hakuna aliyewahi kumuuliza Mwalimu hilo.

Basi hapo Mungu akaingilia. Komanda akacheka, akakitupa kioo majivuni, akaamuru mlango ufunguliwe. Jessé akatoka kwa miguu yake mwenyewe, amevaa shati safi, askari wote wamepanga mstari wakimpigia saluti, na komanda kwa mkono wake akamrudishia baiskeli na chumvi yote, akamwambia, chukua yaya yako mwende, na ukumbuke kwamba—

"Mjomba Chrispin." Nahum amesimama nyuma ya kiti changu, anasoma juu ya bega langu. "Baiskeli, njo, walirudisha. Tulimufunga mwili ya Jessé juu yake na kamba, weye ukashika kichwa yake isianguke. Futa hiyo saluti."