Jina Kabla ya Mkataba

Msimu ukiisha, barafu ya uwanjani huyeyushwa, na chini yake hubaki sakafu ya zege kama ya ghala lolote. Mimi hubaki nayo. Wachezaji wanakwenda makwao na makocha wanakwenda kuvua samaki. Timu ya mwaka unaofuata inaundwa kwa simu, ghorofa za juu, na sisi wa chini habari zinatufikia kwa karatasi: huyu ameondoka, yule amesajiliwa.

Nafanya kazi chumba cha vifaa cha klabu ya hoki ya barafu hapa Toronto. Nafua, nanoa vyuma vya viatu vya kuteleza, na kwa kuwa ni fundi cherehani tangu ujana, nashona majina migongoni mwa jezi. Jina halishonwi moja kwa moja kwenye jezi. Herufi zinashonwa kwanza kwenye ukanda wa kitambaa, kisha ukanda ndio unaoshonwa mgongoni, ili mtu akiuzwa utolewe bila kuharibu nguo. Kuanzia Julai nafumua waliokwenda na kushona wanaokuja. Wengi wao sijawahi kuwasikia wakisema neno.

Naishi Scarborough, pembezoni mwa jiji, ghorofa ya kumi na moja. Basi, treni, halafu basi jingine, na mara nyingi neno la kwanza kulitamka kwa siku nalitamka kazini. Wadogo zangu watatu wako Tanzania. Baba alitangulia, mama akamfuata nikiwa kidato cha pili, na tangu siku ya msiba sikurudi darasani. Niliwalea kwa cherehani, Morogoro, kwenye baraza la fundi aliyenifundisha kazi. Sasa kila mmoja ana nyumba yake na watoto wake. Wakipiga simu huanza na pole ya kazi, na kabla sijaongea la maana husema, "Haya kaka, tutaongea."

Majira ya joto ya mwaka jana alikuwepo mchezaji mmoja. Alikuwa na miaka thelathini na minne na goti lililopasuliwa mara mbili. Klabu yake ya zamani haikumwongezea mkataba, na klabu nyingine hazikupiga simu. Kila asubuhi alikuja kwenye uwanja wetu mdogo wa mazoezi, ambao barafu yake haiyeyushwi, akateleza peke yake. Akimaliza aliniletea viatu vyake ninoe, akaegemea kaunta akisubiri. Alitaka msimu mmoja tu, alisema. Mwanawe alikuwa ametimiza miaka mitano, na tangu apate akili ya kukumbuka hajawahi kumwona baba yake akicheza.

Mwingine aliyekuwepo ni mama mmoja Mkenya, anayefanya usafi. Siku moja alinikuta nikimsomea mchezaji yule jina jipya nililolishona.

"We Mtanzania, huyu mzungu ndiye ameshika nafasi yangu?" akasema. "Mimi nikikusalimia unajibu nzuri, nzuri, kama redio imekwama. Kwake unatoa hotuba!"

"Yeye anasikiliza, dada."

"Anasikiliza kwa sababu haelewi. Si ndiyo, fundi?"

Mchezaji aliuliza fundi ni nini. Nikamweleza. Tangu hapo akaniita fundi, kwa lafudhi yake nzito, na kila aliponiita hivyo nilijisikia kama mtu aliyebishiwa hodi.

Mwisho wa Agosti klabu ilimwalika kwenye kambi kwa majaribio, bila mkataba. Aliniambia kabla ya kumwambia mtu yeyote. Klabuni kwetu mtu wa majaribio hupewa jezi yenye namba tu, na mgongo unabaki mtupu mpaka karatasi isainiwe. Nilijua hivyo. Nilikuwa nimetoa jezi tupu za namna hiyo miaka minne.

Lakini nilikuwa na mazoea yangu. Mdogo wangu wa kike alipomaliza darasa la saba, nilimshonea sare ya sekondari kabla matokeo hayajatoka. Sketi ya bluu na shati jeupe, nikazitundika kwenye msumari karibu na kitanda chake. Alifaulu. Watu wa mtaani walisema kaka yule alimwamini dada yake kuliko binti mwenyewe alivyojiamini, na mimi nikabaki na sifa hiyo moyoni kwa zaidi ya miaka ishirini.

Basi mchana wa siku ile aliyoniambia nikakata herufi. Jina lake lilikuwa refu, herufi kumi na moja. Nikalishona kwenye ukanda, na ukanda kwenye jezi, mishono ya karibukaribu kama ya mtu wa kudumu. Asubuhi ya kwanza ya kambi nikaitundika sehemu yake.

Wenzake walifika kabla yake. Walipoliona jina wakadhani amesaini mkataba. Alipoingia mlangoni, wa kwanza akampa mkono, wa pili akamkumbatia, mmoja akagonga sakafu kwa gongo lake la kuchezea na wengine wakafuata, chumba kizima kikapiga kelele. Nilikuwa mlangoni na taulo mikononi. Nilimwona akicheka bila kuelewa, halafu macho yake yakafika kwenye jezi.

"Hapana," alisema. "Sijasaini."

Ikabidi amwambie mmoja mmoja. Sijasaini. Hapana, bado. Ahsante, lakini bado. Watu wakainama kufunga kamba za viatu.

Msimamizi wangu wa vifaa alinivuta pembeni. "Nani kakwambia ushone?"

"Hakuna."

"Litoe. Sasa hivi."

Nilifumua pale pale kaunta, mchezaji amesimama mbele yangu amevaa kinga za mabega, akingoja. Kwa kuwa nilikuwa nimeshona vizuri, ilichukua muda. Mimi nilisema samahani mara tatu, kisha nikaona zinamsumbua, nikaacha.

Siku ya tisa ya kambi klabu ikamwacha. Msimamizi alisema ni goti, na pengine ni kweli.

Alikuja mchana kuchukua vitu vyake. Akaniwekea viatu kaunta.

"Ninoe?" nikauliza.

"Noa."

"Utateleza wapi?"

"Sijui bado."

Nilivinoa polepole kuliko kawaida. Nilipomrudishia alijaribu makali kwa ukucha, akaridhika.

"Siku ile," alisema, "kwa dakika moja hivi na mimi niliamini. Nilidhani wamesaini na wamesahau kuniambia." Akatundika begi begani. "Kwaheri, fundi."

Akatoka. Halafu nikafanya jambo ambalo sikuwa nimelifanya siku nyingi: nikampigia simu mimi yule mdogo wangu wa kike, badala ya kungoja. Kwao jua lilikuwa limeshazama, nilisikia sufuria na watoto.

"Kaka! Kuna msiba?"

"Hakuna. Nataka kukuuliza. Ile sare niliyokushonea kabla ya matokeo, uliionaje?"

Akacheka. "Mpaka leo hujaacha kujisifu?"

"Nauliza kweli."

Nikasikia anafunga mlango, na kelele za watoto zikapungua.

"Niliiogopa," alisema. "Kila ukienda kazini nilikuwa naifunika na khanga ya mama. Jioni nikisikia hatua zako naifunua. Nilishapanga, nikifeli nitakimbilia kwa shangazi kabla hujarudi."

"Hukuniambia."

"Ningekuambiaje? Ulikuwa umefurahi sana, kaka. Ulikuwa hufurahi na kitu kingine."

Hakusema tutaongea. Alibaki kwenye simu, na mimi nikabaki, nikiutazama ule ukanda wenye herufi kumi na moja juu ya meza ya cherehani. Msimamizi alipita akaweka karatasi mpya ya usajili kaunta. Nikaisoma mpaka chini kabisa, kwenye sahihi, kabla sijagusa mkasi.