Tajiri Aliyekuja Baada ya Kilio

Jumanne ya kwanza ya Februari nilimpoteza mume wangu, na juma lile lile mvua ikaangusha tanuru letu la matofali. Mikate ya tanuru lile ndiyo iliyotulisha, mimi na watoto, hapa mtaani kwetu Panda.

Kwetu, siku za kilio, mtu wa kanisa hushika mikro, kile kipaza sauti, na kumtangaza kila aliyeleta mchele au makaa ya kupikia. Tajiri mmoja wa parokia, mwenye malori ya kubeba madini kutoka Kakanda, alikaa chini pamoja nasi, lakini hakutangazwa. Jirani yangu akaninong'oneza, "Makamyo yote ile, na mukono mutupu." Nami nilifikiri hivyo.

Watu walipokwisha kurudi kwao na mchele kumalizika, tajiri yule alikuja na mke wake. Akasema, "Mama, ku kilio bantu walikuwa mingi. Sasa weye iko peke yako. Unajua kazi gani?"

"Kupika mikate, papa."

Akaenda kuliangalia tanuru, akauliza mdomo wa kuingizia mikate ulielekea wapi. Kesho yake alifika na waashi, matofali na magunia ya unga. Nilipiga magoti kumshukuru, akaniinua. "Hapana, mama. Hii vitu si yangu. Mungu aliniachia tu nichunge."

Sikuwahi kumsikia tajiri akisema hivyo.

Asubuhi ya mikate ya kwanza alikuja, akasimama nyuma ya wanunuzi wengine mpaka zamu yake ikafika, akanunua mmoja.