Mlamba wa Njia ya Chooni

Harufu ya omena walioanikwa juani ndiyo iliyokuwa ikiwaleta mwewe Kisegi, na mwewe hakuridhika na samaki. Akishiba omena ufukweni alipanda hadi uani kwetu kutafuta vifaranga. Mwaka ule ugonjwa wa kideri ulikuwa umefagia kuku wote wa Dani, ndivyo tulivyomwita bibi yetu, isipokuwa tetea mmoja mwekundu. Tetea yule alipoangua, Dani alitutangazia kwamba banda lake lote sasa lilikuwa limebaki kwenye wale vifaranga.

Juu ya mwarobaini uliokuwa njiani kuelekea chooni, mlamba wawili walikuwa wamejenga kiota. Ni ndege weusi wenye mkia kama uma na macho mekundu, wadogo kiasi cha kufunikwa na kikombe kikubwa, na hawakumwogopa yeyote. Kunguru walipita mbali. Mbwa alipigwa kichwani akaenda kulala barabarani. Aliyeteseka zaidi ni baba mdogo Okeyo, kwa sababu ya urefu wake. Alikuwa akienda chooni na karai kichwani, na majirani walikuwa wakisimama uani kwao kumngoja apite.

Jumamosi moja alisahau karai. Alikuwa na shati jeupe la kanisani, lililopigwa pasi vizuri, na mlamba alimdonoa utosini mpaka tone la damu likaangukia kola. Aliporudi kutoka kanisani alienda moja kwa moja kuchukua panga.

"Hii ndege itanitoa macho, Mama. Huu mti naukata."

"Kata," alisema Dani bila kuinua kichwa. "Halafu upande wewe ukae huko juu, unifukuzie mwewe."

"Mama, mimi sifanyi mchezo."

"Hata mimi. Lakini leo ni Sabato. Weka panga chini, jua likizama ufanye unavyotaka."

Akaliegemeza ukutani, akaketi akilingoja jua. Sisi watoto tuliketi pia, tukiutazama mti kama mgonjwa. Jua likiwa limeinama, kivuli kikapita uani. Tetea alilia, vifaranga wakatawanyika, mwewe akashuka kucha mbele. Kabla hajafika chini, mlamba mmoja alimgonga mgongoni, wa pili akaning'inia kwenye mkia wake akinyofoa manyoya. Mwewe aliyumba, akapiga paa la jikoni, akaondoka mikono mitupu huku wale wawili wakimfuata hadi ziwani.

"Mpige! Mpige huyo mwizi!" Baba mdogo alikuwa amesimama juu ya kiti, akisahau kabisa kwamba ni Sabato.

Jua lilizama. Hakuna aliyetaja panga. Kesho yake baba mdogo alilichukua, akafyeka njia mpya ya kwenda chooni, iliyouzunguka mwarobaini kwa mbali.

Siku hizi ninaishi Migori mjini. Kuku wangu wanalala na kushinda ndani ya waya, sijawahi kupoteza kifaranga, na sijui ndege gani wanaishi juu ya paa langu. Mwarobaini wa Kisegi ulishaanguka kwa upepo, lakini njia bado inapinda pale pale. Nilipoenda juzi nilimkuta baba mdogo, sasa mzee wa mkongojo, akiufuata mpindo huo polepole. Nikamuuliza mbona hapiti moja kwa moja, hakuna mti tena.

Aliangalia juu kwanza. "Wewe pita," akasema. "Mimi nitakungoja hapa."