Kiti cha Mama wa Bwana Harusi

Gauni la harusi ya mwanangu nililivaa nikiwa bado nyumbani Mwanza, kwa sababu nilijua nikishuka kwenye ndege sitapata nafasi ya kubadilisha. Nafasi za siku iliyotangulia zilikuwa zimejaa. Nilitakiwa kuruka alfajiri, niteremke Kilimanjaro, nikodi gari hadi Mamba, kwenye milima ya Upare ambako sikuwahi kukanyaga, niwahi ndoa ya saa nane. Mwanangu alikuwa amenipigia simu mwenyewe. "Nataka ukae mbele, kwenye viti vya wazazi," aliniambia. Hakuwahi kuniomba kitu tangu akue.

Baba yake alimchukua akiwa darasa la kwanza, tulipoachana. Alisema mtoto ni wa ukoo wa baba, na wazee wa pande zote mbili wakaitikia kwa vichwa, wakanywa chai yangu, wakaondoka. Mtoto akalelewa milimani na mke mwingine. Mimi nililelewa na simu za sikukuu.

Ndege haikuja. Sauti ya kipaza ikaomba radhi kwa usumbufu, ikasema tusubiri kidogo. Baadaye ikaomba radhi tena. Tukagawiwa soda ya moto na sambusa iliyolala, kama vile njaa ndiyo iliyotuleta pale. Nilikuwa na boksi la sato kwenye barafu, zawadi ya wakwe, na barafu ikaanza kuchuruzika sakafuni. Nikamfuata binti wa kaunta nikamwambia nina harusi ya mwanangu. Akasema hata yeye anasikitika, huku anachezea simu. Mzee mmoja kwenye foleni akatania kwamba chelewa chelewa utakuta mwana si wako, na watu wakacheka. Nilitamani kumpiga na lile boksi.

Tulipotua jua lilikuwa la utosi. Dereva niliyemkodi alikuwa Mpare, mtu mpole. Kwenye kuagana na barabara kuu pale Same, nikaona nchi yenyewe: vumbi jekundu, miiba, mkonge, Wamasai na ng'ombe waliokonda wakivuka bila haraka wakati mimi nakufa kwa haraka. Upande mmoja milima imesimama bluu, inaonekana karibu na haifikiki. Niliichukia. Nilikuwa nimeiwaza kwa miaka yote hiyo kuwa mahali pabaya palipomla mtoto wangu, na sasa naiona ni mizuri, na hilo likaniuma zaidi.

"Fungua kioo, mama, samaki wanaanza kuongea," dereva alisema.

"Samaki watangoja. Harusi je, utawahi?"

"Huku harusi haingoji mtu. Ukungu ukishuka magari hayapandi, na mchungaji ana mitaa mingi ya kuhudumia. Na kiti cha mzazi hakiachwi wazi. Kikiwa wazi, watu watasema nyumba ina kesi."

Wapare wanasifika kwa kupenda kesi. Nilimwambia basi leo watapata moja. Akacheka, mimi sikucheka.

Tukaanza kupanda. Joto likabaki chini, migomba ikaanza, na kwenye kila kibaraza tangawizi imeanikwa kwenye maturubai. Harufu yake iliingia garini ikashindana na sato. Watoto walituamkia shikamoo kando ya njia, wote wana uso fulani wa mwanangu, au ndivyo nilivyowaona.

Kanisani tulikuta mfagiaji. Tukaelekea ukumbini. Mshereheshaji akanipokea kwa kipaza: "Tumepata mgeni wetu kutoka Mwanza, tumpigie makofi." Mgeni. Mbele, pembeni ya yule mume wangu wa zamani, kwenye kiti chenye kitambaa cheupe, alikaa mke wake. Wazazi walikuwa wamekwisha kulishwa keki. Kuniona, yule mama alinyanyuka haraka, akanishika mikono miwili.

"Karibu, dada yangu, pole kwa safari. Njoo ukae, mimi nimekushikia tu."

Alikuwa na macho ya ukweli. Ningependa awe mchawi, ningejua la kufanya naye. Nikamwambia akae, viatu vinanibana, nitakaa karibu na mlango.

Mwanangu alinijia baadaye na mkewe, wakapiga magoti, wakaniamkia. Nikaanza kumweleza habari ya ndege: namna nilivyobembeleza kaunta, namna nilivyomhimiza dereva. Akaniwekea mkono begani, kwa upole kabisa.

"Usijali, mama wa Mwanza. Tulishapanga tangu juzi mama akae pale. Tulijua mambo ya ndege."

Nikamjibu haina neno. Siku nzima nilikuwa nimeilaani ile ndege, na kumbe hata ingeruka kwa saa yake, kile kiti kilikuwa na mtu tayari.