Jina Lililobaki kwenye Seva ya Kusini

Merrin Coad ana kazi ambayo hata mama yake hajaielewa. Tunakaa naye hapa Hobart, kwenye chumba kinachotazama gati, tukiangalia hali ya seva za Unix, kompyuta kuu zilizo mbali ambazo watu wengi huzitumia pamoja: mzigo wa kazi umepanda kiasi gani, diski ina nafasi, nani ameingia na anaendesha nini. Moja iko kusini kabisa mwa dunia, kwenye kituo cha utafiti wa barafu, na huko ndiko alikokwenda mumewe, Rohan, kupima barafu kwa msimu mmoja. Msimu ukazaa wa pili.

Simu zake zilipungua, kisha zikakoma. Merrin hakulia wala hakumsema. Kila asubuhi alifungua seva ile, akaona jina la Rohan na hesabu zake zikiielemea mashine, akajua mume yu hai. Basi. Mimi jambo hilo lilinikera mno.

"Mwandikie, dada! Kibodi si hiyo hapo?"

"Nimwandikie nini? Naona anafanya kazi."

"Kwani wewe umeolewa na mtu au na mashine?"

"Kula pai yako, inapoa."

Meli ya kuwarudisha watu ilipofika kule, Merrin alifua mashuka, akanunua mguu wa kondoo wa kuoka. Desturi yetu inajulikana: anayepanda meli husimamisha kazi zake na kutoka kwenye seva, ili wanaobaki wapate nafasi.

Alhamisi, baada ya chai, majina yakaanza kutoka. Mpishi. Fundi wa umeme. Daktari. Mzigo ukashuka mpaka mstari kwenye skrini ukalala. Jina la Rohan lilikuwa bado lipo.

"Anajivuta tu," nikasema. "Si unamjua? Hata kuvaa viatu kwake ni safari."



Ikaja taarifa kwamba meli imeng'oa nanga. Punde mzigo ukapanda ghafla. Rohan alikuwa ameanzisha hesabu mpya, kubwa, ya kuchukua msimu mzima mwingine.

Nilimtukana kwa sauti, chumba kizima kikageuka. Kisha nikamuuliza Merrin anajisikiaje.

"Sijisikii kitu," akasema, na nilimwamini.

Akatazama diski ya kule. Ilikuwa imekaribia kujaa. Hesabu za Rohan zingekwama kabla ya kesho. Akamwongezea nafasi.